Alidhani ‘S’ ni saizi ndogo: Eustakia na fimbo ya gofu iliyomkataa

Rusumo, Ngara. Saa moja asubuhi, ukungu wa Mto Kagera bado umelalia bonde, na malori yanayosubiri kuvuka kwenda Rwanda yanaanza kuunguruma moja baada ya jingine. Juu kidogo ya barabara, kwenye mteremko wa nyasi fupi, mwanamke mfupi aliyevaa mabuti ya mpira, kitenge kimefungwa juu ya suruali, anaweka fyekeo lake chini. Anapangusa jasho. Anachukua fimbo nyeusi iliyoegemezwa kwenye toroli.

Anapanga miguu. Anatulia. Fimbo inapanda hadi nyuma ya bega, inashuka, na mpira mweupe unapasua ukungu na kutoweka. Hauonekani tena. Unasikika tu ukidunda mahali fulani, ng’ambo ya korongo.

“Umevuka!” anapiga kelele, mikono juu. “Umevuka tena! Mmeuona?”

Hakuna aliyeuona. Lakini dereva mmoja wa lori, aliyekuwa akipiga mswaki kando ya barabara, anampungia mswaki wake kwa furaha kana kwamba mpira ule ni wa kwake. Mwanamke anacheka hadi anashika kiuno, kisha anaokota fyekeo na kurudi kwenye nyasi.

Huyu ni Eustakia Nshoma, 33, mama wa watoto wawili, mfyeka nyasi na mbeba mikoba ya wachezaji katika uwanja mdogo wa gofu ulio jirani na mpaka. Wiki ijayo atapanda basi kwenda Mwanza kuiwakilisha Rusumo katika mashindano ya wafanyakazi wa viwanja vya gofu. Miezi mitatu iliyopita, ungemwambia hivyo, angedhani unamcheka.

“Mimi nilikuwa naitwa Mama Kulia,” anasema. “Kwanza kwa sababu mpira wangu ulikuwa haujui njia nyingine ila kulia. Pili kwa sababu nilikuwa karibu kulia kweli.”

Uwanja wenyewe ulianza kama mzaha. Wahandisi waliokuja miaka ya nyuma kwa kazi za ujenzi walikuwa hawana la kufanya Jumapili. Wakafyeka kilima, wakachimba mashimo sita, wakasimika vijiti vyenye vitambaa vyekundu. Kazi zao zilipokwisha waliondoka, wakaacha vitambaa, mashimo, na gunia la fimbo kuukuu.

Aliyeuokoa uwanja usigeuke shamba la mahindi ni Laurian Rwekaza, mpima ardhi mstaafu, mzaliwa wa Mbuba. Aliwashawishi mawakala wa forodha wachange kidogo kidogo, akaajiri watu wa kufyeka, akaweka utaratibu: mawakala na wageni wanacheza mchana, wafanyakazi wanaruhusiwa kucheza jioni kazi ikiisha.

Eustakia alikuja hapo miaka minne iliyopita. Alizaliwa Kirushya, kwenye migomba na maharage, akaolewa na Frednand, mchukuzi wa mizigo mpakani, akawa anauza ndizi za kuchoma kwa madereva. Aliposikia uwanja unatafuta mfyeka nyasi, alikwenda na fyekeo lake begani.

“Nilimwamkia, shikamoo mzee, nikamwambia nimekuja kazini,” anakumbuka. “Akaniuliza, umeshawahi kuona gofu? Nikamjibu, nyasi nimeziona.”

Kwa siku hulipwa shilingi elfu saba, na mvua ikinyesha kutwa hakuna malipo. Lakini jioni ya kwanza alipomwona wakala mmoja akipiga mpira ukapaa juu ya korongo na kutua ng’ambo taratibu kama njiwa, alisahau hata kwamba miguu inamuuma. Alitaka kufanya vile. Alitaka sana.

Mzee Laurian alikokota lile gunia hadi kivulini, akawaambia wafanyakazi kila mtu achague fimbo yake.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Kwenye mpini wa kila fimbo, chini kidogo ya mshiko, kulikuwa na herufi. Eustakia alizitazama akazitambua mara moja. Nani asiyezijua? Ziko kwenye kola ya kila shati la mtumba. S ni ndogo, M ni ya kati, L ni kubwa. Yeye ni mwanamke wa kimo kifupi. Akachomoa fimbo ndefu yenye mpini wa chuma ulioandikwa S.

Pembeni yake alisimama Ngassa, kijana wa miaka 25 anayeendesha trekta ya uwanja. Ngassa ni mzaliwa wa Nyakahura, wilayani Biharamulo, ambako wazazi wake walihamia na ng’ombe wao kutoka Shinyanga. Amekua akishika jembe la ng’ombe. Mabega yake yamejaa kama magunia mawili ya mpunga. Naye alifikiri vilevile. Akachukua fimbo nyeusi yenye herufi L, akaizungusha hewani, akasema, “Hii ndiyo saizi yangu.”

Kwa muda mrefu walitaabika wote wawili, kila mmoja kwa upande wake.

Eustakia alipiga, mpira ukaondoka chini chini kama panya aliyefukuzwa jikoni, ukakata kulia, ukaishia kwenye mahindi ya jirani. Alipiga kwa nguvu zaidi, ukaenda kulia zaidi. Korongo lililo kati ya shimo la tano na la sita hakuwahi kulivuka hata mara moja. Kila jioni alivua mabuti, akashuka kwenye tope kutafuta mipira, huku wenzake wakimwita kutoka juu: “Mama Kulia, umevua kambare wangapi leo?”

“Nilikuwa nacheka nao,” anasema. “Lakini nikifika nyumbani bega linawaka moto. Ile fimbo ilikuwa nzito. Shimo la nne tu, mikono imekwisha.”

Ngassa yeye mpira wake ulipanda. Ulipanda hasa, ukazunguka huko juu kama mwewe anayetafuta kifaranga, kisha ukaangukia kushoto, popote ulipotaka wenyewe. Siku moja ulitua katikati ya kundi la mbuzi. Siku nyingine ukapiga bati la choo ambacho mtu alikuwa ndani.

“Nilijua nina nguvu,” anasema Ngassa. “Sasa nikawa najiuliza, hizi nguvu zangu zinakwenda wapi?”

Kisha ukaja ujumbe kutoka Mwanza. Kutakuwa na mashindano ya wafyeka nyasi, wabeba mikoba na wafanyakazi wengine wa viwanja vya gofu Kanda ya Ziwa, wake kwa waume pamoja. Watakaoshika nafasi tatu za juu watasomeshwa ualimu wa mchezo huo. Rusumo imepewa nafasi moja. Mzee Laurian akatangaza mchujo.

Eustakia alilisikia neno ualimu, moyo ukamruka. Frednand, mumewe, alimuuliza kwa upole kama anafikiri kweli ataweza.

Siku iliyobadilisha kila kitu ilikuwa Jumatatu, baada ya ugeni mkubwa wa Jumapili. Mikoba ilikuwa imechanganyika. Eustakia alikuwa akipangusa fimbo na kuzirudisha mahali pake, na kama kawaida yake, akasimama karibu na korongo kupiga mpira mmoja wa kujiliwaza. Akanyoosha mkono kwenye rundo bila kutazama.

Fimbo aliyoishika ilikuwa nyepesi. Alidhani imevunjika. Alipoizungusha alihisi mpini ukijivuta nyuma kidogo, halafu ukirudi wenyewe mbele, kama tawi la mti ulilolikunja na kuliachia.

Akapiga.

“Nilisikia mlio ambao sijawahi kuusikia kwenye mikono yangu,” anasimulia, na hata sasa anasimama kuuonyesha. “Si ule wa kugonga jiwe. Ulikuwa mlio mtamu. Nikainua macho, mpira uko juu, katikati kabisa, haukati kulia! Unakwenda, unakwenda, korongo liko chini yake! Nikaanza kukimbia. Sijui nilikuwa nakimbilia wapi.”

Ulitua ng’ambo, kwenye nyasi alizozifyeka mwenyewe wiki iliyotangulia.

Alipiga wa pili. Ukavuka. Wa tatu ukaangukia ukingoni, lakini ng’ambo. Ndipo alipoitazama fimbo. Ilikuwa nyeusi. Ilikuwa na herufi L. Ilikuwa ya Ngassa.

Nyumbani alimweleza mumewe, akitarajia watafurahi pamoja. Frednand alifurahi, lakini pia alifikiri kama mtu wa mpakani, anayejua thamani ya kufika kwanza.

“Usimwambie,” alimshauri. “Fanya nayo mazoezi akiwa kwenye trekta. Siku ya mchujo mwombe akuazime. Akijua sababu, na yeye atatafuta inayomfaa. Nguvu zile umeziona.”

Eustakia aliendelea kuchambua mchicha. Alijua mumewe hasemi uongo. Kulikuwa na nafasi moja tu. Kama fimbo ya Ngassa ilikuwa imemfaa yeye namna ile, basi huenda fimbo yake yeye, ile nzito ya chuma, ndiyo iliyokuwa ikimsubiri Ngassa. Na Ngassa akipiga mpira ukanyooka, nani atamshika?

“Niliwaza mpaka mchicha ukaisha,” anasema. “Nikaona nikimficha, siku ya mchujo sitakuwa nimemshinda Ngassa. Nitakuwa nimeishinda fimbo mbovu. Hiyo si furaha. Mimi nilitaka ile furaha yenyewe.”

Kesho yake alimkuta Ngassa akitia mafuta kwenye trekta.

“Ngassa, mdogo wangu. Tubadilishane fimbo.”

“Fimbo yako ile? Dada, ile si saizi yangu. Ile ni S.”

“Piga mara moja tu. Ukiikataa, nirudishie.”

Ngassa alifuta mikono kwenye ovaroli, akaichukua fimbo ya chuma kwa shingo upande. Aliipima uzito. Akapanga miguu, akainua, akaishusha kwa nguvu zake zote za kulimia.

Mpira haukupanda kama mwewe. Uliondoka umenyooka kama kamba iliyovutwa, ukapita juu ya korongo, ukapita juu ya kitambaa chekundu cha shimo la sita, ukapita mwisho wa uwanja, ukazama kwenye shamba la maharage la watu.

Walitazamana. Kisha Ngassa akatupa kofia yake juu na kuanza kuruka, miguu miwili pamoja, kama vijana wa kwao wanaposhindana kucheza ngoma.

“Dada! Dada Eustakia! Umeona? Haukwenda kushoto!”

Kelele zilimtoa Mzee Laurian ofisini, chai mkononi. Walimweleza kwa pamoja, kila mmoja akimkatiza mwenzake, mpaka akawaomba wanyamaze, aone hizo fimbo. Akavaa miwani, akasoma herufi.

“Mlizichaguaje?”

Walipomwambia habari ya mashati, mzee alicheka hadi chai ikamwagika. Kisha akakaa kwenye nyasi, akaanza kuwaeleza.

Herufi zile si saizi ya mtu, aliwaambia. Zinaeleza mpini unapindika kiasi gani. S ni mgumu. L ni laini kuliko yote. Mpini unaposhuka hujipinda, na unapofika kwenye mpira hunyooka na kuusukuma. Mkono unaokwenda polepole ukipewa mpini mgumu, mpini haujipindi vya kutosha. Uso wa fimbo unachelewa kugeuka na kukabili mpira, basi mpira unakwenda chini na kulia. Mkono wa kasi ukipewa mpini laini, mambo yanageuka: mpini unajikunja kupita kiasi, uso unawahi kugeuka, mpira unapaa na kukimbilia kushoto.

“Na uzito?” Eustakia aliuliza.

“Uzito nao una kazi yake. Huu wa chuma unakaribia mara mbili ya ule mweusi. Kwako ni mzigo, unakupunguzia kasi na kukuchosha. Kwa Ngassa ni breki nzuri. Unamtuliza, asirushe mikono ovyo.”

Ngassa alitikisa kichwa. “Kumbe nilikuwa nalima na fimbo ya kuchungia.”

Eustakia yeye alikuwa amekumbuka kitu kingine: fimbo ya mama yake. Jumamosi alipanda kwenda Kirushya kwa mama yake, Bi. Secilia, akamkuta uani anapura maharage. Bibi huyo ana miaka zaidi ya sabini, na fimbo yake ya kupuria ni ya mti mbichi, nyembamba, inayocheza.

Mwandishi wa makala haya alipomtembelea Bi. Secilia na kumuuliza kwa nini hatumii fimbo nene, alijibu kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kihangaza, huku akiendelea kupiga: “Fimbo kavu inapiga mkono wako kwanza, mahalage baadaye. Mimi nataka ipige mahalage.”

Tangu hapo mazoezi yalikuwa moto. Isidhaniwe kuwa fimbo ilifanya kazi yote. Wiki ya kwanza Eustakia aliharibu kuliko zamani, kwa sababu wepesi ulimlevya. Alikuwa anaikimbiza fimbo kabla mwili haujageuka, na mpira ukaanza kwenda kila upande. Ngassa naye alilalamika kiuno. Ilibidi kila mmoja ajifunze upya mwendo wa mikono yake. Jioni walisimama bega kwa bega, wapinzani wa nafasi moja, wakisahihishana.

“Usiharakishe, dada. Subiri irudi yenyewe.”

“Na wewe legeza meno. Unapiga mpira au unaua nyoka?”

Siku ya mchujo ilifika ikiwa Jumamosi yenye jua kali. Habari zilikuwa zimesambaa. Mawakala wa forodha walikuja na mashati yao ya kazi. Wanawake wa mashamba ya maharage ya jirani walikuja na majembe. Barabarani foleni ya malori ilikuwa imesimama, na madereva wakapanda juu ya vichwa vya magari yao kutazama mchezo ambao wengi hawakujua hata unahesabiwaje. Walielezwa neno moja: mwenye mikwaju michache ndiye mshindi. Ikatosha.

Walioanza walikuwa wengi, lakini kufikia katikati ilikuwa wazi kwamba mchezo ni wa watu wawili. Ngassa alikuwa akipiga mbali, umati unaguna kwa mshangao. Eustakia alikuwa akipiga fupi kuliko yeye, lakini mpira wake ulitii. Anapotangulia huyu kwa mkwaju mmoja, yule anasawazisha. Mzunguko wa mwisho, walipofika kwenye korongo kabla ya shimo la sita, walikuwa sawa.

Ngassa alipiga kwanza. Fimbo ya chuma ikaimba. Mpira ulinyooka vizuri, tatizo ni kwamba ulinyooka mno. Ulipita kitambaa chekundu na kusimama mwisho kabisa wa uwanja, kwenye majani marefu. Umati ukapiga makofi hata hivyo.

Akaja Eustakia. Frednand alikuwa amesimama na wachukuzi wenzake, mikono kichwani.

“Nilipotazama lile korongo nililiona kama linafungua mdomo,” Eustakia anasema. “Nikajiambia, Eustakia, leo hupigani na mtu. Iache fimbo ifanye kazi yake.”

Alizungusha polepole. Waliokuwa karibu wanasema waliuona mpini ukikunjika na kurudi. Mpira ulipaa, ukabaki angani muda ambao ulionekana hauishi, ukashuka ng’ambo, ukadunda mara mbili na kubingirika hadi hatua chache kutoka kwenye shimo.

Ngassa alitoka kwenye majani kwa mkwaju mzuri ajabu, karibu kabisa na shimo. Wa kwake uliofuata ulizunguka mdomo wa shimo, ukasita, ukagoma kuingia. Eustakia alipiga magoti kuitazama njia, akainuka, akausukuma mpira wake kwa fimbo fupi. Ukaenda. Ukaingia.

Kilichofuata, hata Mzee Laurian anashindwa kukieleza vizuri. Honi za malori zililia kuanzia la kwanza hadi la mwisho, na wanaosema zilisikika hadi upande wa pili wa mto huenda hawadanganyi. Wanawake walipiga vigelegele. Frednand alikimbia kwenye nyasi na ndala zake, kitu kilichokatazwa uwanjani hapo, na hakuna aliyemkataza. Ngassa ndiye aliyefika wa kwanza. Alimbeba dada yake huyo juu kama gunia jepesi, akazunguka naye.

Inauma? Ngassa anakubali bila kuzunguka. “Inauma, ndiyo. Jioni ile sikula. Lakini kama asingeniambia, mpaka leo ningekuwa napiga mabati ya vyoo. Mwakani nafasi ni yangu, na yeye anajua.”

Kanuni za mashindano zinamruhusu kila mchezaji kwenda na mbeba mkoba mmoja. Eustakia hakufikiri mara mbili. Wiki ijayo basi likiondoka Rusumo, Ngassa atakuwa kiti cha pembeni yake. Mama yake Ngassa ameshatuma salamu kwamba atasimama barabarani Nyakahura, amwone kwa macho yake huyo mwanamke aliyemshinda mwanawe, na ana kuku wa kumpa.

Na baada ya Mwanza? Eustakia ana mpango ambao ameshaanza kuutekeleza kabla ya safari. Amelimwaga lile gunia la zamani lote kwenye sakafu ya banda, na kwa msaada wa Mzee Laurian anazipanga fimbo upya, laini huku, ngumu kule, nzito na nyepesi mbalimbali. Zenye kichwa kizima na mpini ulioharibika anataka kujifunza kuzibadilishia mipini mwenyewe. Tayari wanawake kumi hivi wa mashamba ya jirani wameomba kufundishwa siku za Jumapili baada ya kanisa, na mabinti wawili wa mamalishe wa mpakani wanakuja kila jioni.

Akirudi na ualimu atawafundisha kwa cheti. Akirudi bila cheti, anasema, atawafundisha vilevile.

“Akija mwanamke hapa sitamwambia chagua fimbo,” anasema, akisimama kwa sababu Mzee Laurian anamwita. Wageni wamefika na mikoba inasubiri. “Nitamwambia kwanza, mama, zungusha mkono nione. Kisha nitamtafutia mimi. Halafu nitakaa pembeni nimtazame akipiga wa kwanza ukaruka. Aisee! Ile sura yake, hiyo ndiyo ninayoitaka.”

Anatundika mkoba begani na kuteremka mbio.